Nyasi Zilizofika Msibani

Kwa nini niliondoka

Mashoga zangu, tangu nirudi siwezi kwenda hata dukani bila kusimamishwa. Rehema, ulikuwa wapi? Rehema, mbona umekauka hivyo? Tunu ameshawatangazia watu kwamba nilikwenda kuolewa kisiwani. Basi nimechukua daftari la shule la binti yangu, nimekaa barazani, naandika mara moja tu. Mkimaliza kusoma mpokezane, na Tunu awe wa mwisho.

Kile kiwanja cha mbele ya soko mnakijua. Wakati wa vita palichimbwa handaki, na sisi tulikimbilia humo mara mbili, mara ya pili Tunu akiwa na sufuria ya wali mikononi kwa sababu alikataa kuiacha iliwe na askari. Vita vilipokwisha, marehemu mume wangu Idrisa, aliyekuwa mtunza bustani wa mji, alilifukia handaki lile kwa mikono yake, akapanda ukoka na mawaridi. Kila kiangazi upande wa juu ulikauka ukawa mgumu kama ukoko wa ubwabwa. Kila mvua kubwa Mto Kanoni ulifurika, na upande wa chini ukaoza. Siku hizi mvua nayo imekuwa na wazimu: inamwagika yote kwa siku tatu, kisha inatususia. Idrisa aliamini kuwa tatizo ni maji. Alibeba ndoo. Alibeba hata mwaka ule wa mwisho, alipokuwa amekonda kiasi kwamba ndoo tupu peke yake ilimtosha kuwa mzigo. Alikufa kwa ukimwi, ugonjwa huu wetu, sioni haya kuutaja, na mimi nikarithi jembe lake na kazi yake.

Mwaka huu mkubwa wangu wa kazi, Bwana Afisa, aliniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba mvua za vuli zikianza kabla kile kiwanja hakijashika kijani, kitamwagwa kifusi kiwe maegesho ya malori. Ule upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda Nyanga kumwona wifi yangu, na njiani nikatazama rweya, zile nyasi za uwanda ulio wazi ng'ambo ya migomba. Kiangazi kilikuwa kimeshika, hakuna mtu aliyezimwagia hata kikombe cha maji, nazo zimesimama zinayumba kwa raha zao. Nilijisikia mjinga, mimi na Idrisa wangu wote wawili.

Nikampelekea Bwana Afisa wazo langu. Upande wa juu nipande nyasi za rweya, zinazojua kiu. Upande wa chini nipande majani ya pembeni mwa ziwa, yanayojua kuzama na kuibuka. Nisipange mistari, nisiweke matofali yaliyopakwa chokaa, nipande kila kitu jirani na mwenzake kama kinavyokaa kwao. Alicheka mpaka akatoa miwani. "Bi Rehema, unataka kutuletea rweya mjini?" Lakini alinipa lori. Habari za barua na mihuri nazipita, maana mnazijua zinavyochosha.

Bukoba mpaka Izimbya

Lori lenyewe lilikuwa limekwenda vitani na kurudi, na nadhani lilirudi kwa shingo upande. Mlango wa upande wangu ulifungwa kwa kamba. Dereva, Ta Pastori, ni mzee wa Kihaya aliyeliendesha tangu siku hizo, na huzungumza nalo kwa heshima ambayo hakunipa mimi hata siku moja. Kwenye mlima huliita kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu, jikaze kidogo." Mwanzoni nilidhani ananiambia mimi.

Nyasi za Nyanga ziliungua moto wiki ile ile, ndiyo maana tukaenda mbali hadi Izimbya. Tulifika saa tano, tukakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, halafu ndizi na maharage yaliyopikwa chungu kimoja. Ta Pastori aliletewa rubisi, pombe ya ndizi. Akainusa, akanitazama mimi niliyejifunga mtandio, akasema atakunywa na fungu langu ili wenyeji wasivunjike moyo. Alitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Mwanamke mmoja wa pale alituonyesha njia. Nilishangaa anatupitisha nyasi nzuri kabisa zilizokatwa chini kabisa, anazidi kwenda. Nikamwuliza mbona tusianzie hapa.

"Hizi za karibu zimekwisha, mama," alisema. "Misiba imekuwa mingi."

Sikuuliza misiba na nyasi vinahusiana nini. Ningeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi.

Tulichimba siku mbili. Sikutaka majani matupu, nilitaka vishina na mizizi yake na udongo wake, na kila kimoja nilikifunga kwa ganda la mgomba. Majani yalikuwa marefu hadi kiunoni, ya rangi ya asali, na mimi niliyafunga kwa kamba lisikatike hata moja. Ta Pastori alikaa kivulini akinitazama, na kila mara aliniuliza kama nina hakika kuwa mizizi ndiyo ninayoitaka. Tuliondoka na magunia kumi na manne. Nilikuwa na furaha ya kipuuzi, ile inayomfanya mtu aimbe ndani ya lori bovu.

Barabara ya Muleba

Tulikuwa tunateremka ziwani kutafuta majani ya upande wa chini, tumebakiza mwendo mdogo kufika Muleba mjini, pale springi ilipokatika. Lori likainama upande kama mtu aliyechomwa na mwiba. Ta Pastori alishuka, akalizunguka, akalipapasa, akaazima baiskeli ya mpita njia na kwenda kutafuta springi nyingine. "Nitarudi kabla ya jua kuzama," alisema. Alirudi baada ya siku mbili.

Jua lilikuwa kali na vishina vyangu vilikuwa juu ya lori wazi. Ng'ambo ya barabara niliona kibanja chenye migomba minene na nyumba ya bati, na wanawake wachache wamekaa nje. Nikavuka, nikawasalimu, nikawaomba wanisaidie kushusha nyasi niziweke kivulini. Nilisema nimetoka Bukoba na nimeleta nyasi. Hayo ndiyo maneno niliyosema, na mkiyasoma vizuri mtaona kosa liko wapi.

Wanawake wale walitazamana. Mmoja akaanza kulia. Wakavuka barabara wote, wakajitwisha magunia, na badala ya kuyaweka chini ya migomba wakapita nayo moja kwa moja hadi mlangoni. Nikawafuata mbio nikiita, "Hapana, hapo kivulini panatosha!" Mlangoni akatokea bibi mmoja mwembamba mwenye khanga nyeusi. Akanikumbatia kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

"Waitu, wakola," aliniambia, yaani asante. "Kumbe Bukoba walimkumbuka mwanangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Huyo alikuwa Ma Koku, na alikuwa amemzika mwanawe wa mwisho asubuhi ile. Alikuwa mtoto wake wa tatu kumzika, na huyu alikuwa amefanya kazi Bukoba. Na mimi nimekaa kwenye misiba ya jirani zetu Wahaya mara ngapi, nimenyoosha miguu juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, laini, zinanukia, nikala na kulia na kusinzia juu yake, wala sikujiuliza hata siku moja nani amezikata na wapi. Sisi kwetu hutandika mikeka, na mkeka hauishi. Nyasi huletwa na watu. Kila anayekuja kuhani huja na mzigo wake, na wingi wa nyasi ndio unaoonyesha wingi wa watu.

Nikachungulia ndani. Sakafu ya Ma Koku ilikuwa na nyasi kidogo upande mmoja tu, zimekanyagwa. Upande wa pili udongo ulikuwa wazi.

Mwanamke mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watu wamechoka, nyasi za karibu zimekwisha, na wengine wanaiogopa nyumba hii kwa sababu ya ugonjwa. Niliwaza niseme kweli. Nawaambia bila kujipamba, nilifungua mdomo. Nilitaka kusema: hizi ni za bustani, ni za mbele ya soko, nikizikosa malori yataegeshwa juu ya kazi ya Idrisa. Nilikuwa na hasira hata na yule marehemu, Mungu anisamehe. Halafu nikakumbuka siku ya arobaini ya Idrisa, baraza lilivyokuwa na nafasi nyingi za kukaa. Nanyi mnakumbuka nani walikuja na nani hawakuja.

Nikafunga mdomo. Nikaomba mundu.

Tulikaa uani tukakata mchana kutwa, majani huku, vishina kule. Majani yale ya rangi ya asali, niliyoyafunga kwa kamba lisikatike hata moja, nikayakata mwenyewe, gunia baada ya gunia. Tulipotandika, sakafu yote ilifunikwa hadi kizingitini, na wanawake wakaingia wakakaa. Ma Koku alikaa katikati akapapasa nyasi kwa kiganja. Nililia kwa sauti. Sijui kwa hakika nilikuwa namlilia nani, lakini machozi yalikuwa ya kweli, na watu waliyapokea hivyo.

Kilichobaki uani kilikuwa ni chungu cha vishina vyenye vipara. Nikavifunika kwa maganda ya migomba chini ya mibuni, kama mtu anayefukia aibu.

Kisiwani

Ta Pastori aliporudi na springi ya lori jingine, isiyolingana na ya kwetu, nilimweleza yaliyotokea. Akasema, "Umefanya vizuri, Bi Rehema. Lakini bustani hakuna." Nikamwambia bado lipo ziwa. Nikamwacha anagombana na springi, nikateremka mwaloni, mitumbwi inapotia, nikapanda mtumbwi wa mashine uliokuwa unapeleka mahindi na sabuni kisiwani, ambako ufukwe haujafyekwa kama wetu.

Huko nilikaa siku tano badala ya moja, kwa sababu mashine ilikufa na fundi wake alikuwa amekwenda kisiwa kingine kwenye ngoma. Nililala kwa mwanamke anayekausha dagaa, na mpaka leo khanga zangu zinanukia. Nilikula ugali wa muhogo na sato aliyechemshwa na ndimu, asubuhi, mchana na jioni, na sijawahi kula samaki watamu kama wale. Siku ya tatu nilimwuliza mwenyeji wangu kama kuna mboga. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea samaki.

Kila asubuhi nilikwenda ufukweni nikichimba majani yanayosimama nusu majini, nusu mchangani. Siku ya pili nikaona watu wanakusanyika, wavuvi kwa wachuuzi, wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, wananitazama. Mmoja akanisogelea, mvuvi wa kutoka Ukerewe, jina lake Masatu, mtu wa miraba minne aliyevua kofia kabla ya kusema nami.

"Mama, tumesikia unachimba dawa."

"Dawa ya nini?"

Alinionyesha kwa kidole banda moja nyuma, ambako mtu alikuwa amelala mlangoni juani, amejifunika blanketi. Nikaelewa wote wale wamekuja kwa nini, na wamengoja kwa adabu nimalize kuchimba.

Nikamwambia hapana dawa. Nikamwambia ugonjwa huo huo ndio uliomchukua mume wangu, na kama ningekuwa na dawa ningempa yeye kwanza. Ninachimba majani ya bustani, ya watu kukaa na kupumzika. Masatu aliwageukia wenzake akawaeleza kwa lugha yao. Wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyenilaumu. Yeye alibaki, akavaa kofia, akashika jembe langu.

"Bustani yenu ina kivuli?" aliuliza.

"Itakuwa nacho."

"Basi nitakuja nikae siku moja nikileta samaki Bukoba." Akanichimbia mpaka mchana.

Safari hii niliapa kwamba hakuna mundu utakaogusa majani yangu. Niliyafunga wima, nikayalinda mtumbwini kwa mwili wangu, nikawagombeza abiria wawili na mbuzi mmoja.

Kurudi kwa Ma Koku

Tulipofika mwaloni majani ya kisiwani yalikuwa yamenyauka. Tulipofika kwa Ma Koku yalikuwa yamelala kama nywele zilizolowa. Nilikaa juu ya gunia kando ya barabara nikasema basi, malori na yaje.

Ma Koku alitoka akanishika mkono. Hakunipeleka ndani, alinipeleka nyuma, chini ya mibuni. Maganda ya migomba yalikuwa yameondolewa. Vile vishina vyangu vyenye vipara alikuwa amevipanga kivulini, kimoja kimoja, akavirundikia udongo. Na kutoka katikati ya kila kipara, chembamba kama sindano, kijani kilikuwa kimetoka.

"Mtu akisafiri na mzigo mkubwa kichwani hawezi kujilisha," Ma Koku alisema. "Umeng'oa mti wa watu kwao, halafu unataka uendelee kulisha majani yote yale bila maji? Ungeyafikisha Bukoba yamekufa. Lete mundu, hayo ya ziwani nayo tuyakate."

Tukakaa tena uani kwake tukikata, mimi na yeye. Nusu ya majani ya ziwani yalikuwa hayaponi tena, nusu yalipona. Moyo ulikuwa unanisuta, nikaona heri niseme. Nikamwambia Ma Koku kwamba Bukoba hakuna aliyenituma, sikumjua mwanawe, nyasi zile hazikuwa za msiba.

Hakuinua kichwa. "Nilijua lilipofunguliwa gunia la kwanza. Nani hupeleka nyasi msibani na mizizi yake?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefungua mdomo useme. Nilikuona. Ukaufunga, ukaomba mundu." Akatupa kishina kwenye gunia. "Hilo ndilo ninaloshukuru."

Tulipokuwa tunapakia alinishikia ile kamba ya mlango wa lori.

"Hizo zikikua mjini, mwanangu, zitataka kukatwa kila mwaka. Zisipokatwa huzeeka zikafa katikati. Mtu akija na mundu wake, usimfukuze."

"Mtu gani?"

"Mwenye msiba. Na mwenye harusi pia, bibi harusi naye tunamtandikia hizo hizo. Usinitazame hivyo, watu bado wanaoa."

Bukoba

Mengine mliyaona wenyewe. Mliniona napanda vipara vya nyasi mbele ya soko, na mlicheka, msikatae. Bwana Afisa alikuja akasimama na miwani yake akauliza bustani iko wapi. Nikamwambia iko chini, ingojee. Siku kumi baadaye mvua ilishuka ile ya wazimu, Kanoni ikafurika mpaka kwenye ngazi za soko, nami nikakaa dirishani natafuna kucha. Maji yalipoondoka majani ya ziwani yalikuwa yamesimama, yamejaa matope, yameshikilia udongo wote wa Idrisa usiondoke. Upande wa juu wote ulikuwa kijani.

Bwana Afisa alirudi asubuhi ile na viatu mkononi. Alitazama kwa muda mrefu. Siku hiyo hiyo madereva waliambiwa watafute pa kuegesha kwingine, na Ta Pastori alikuja kunipa habari hizo huku amekunja uso kama vile lori lake ndilo lililofukuzwa.

Kilibaki kitu kimoja. Pale pembeni ulikuwapo bado ubao aliouandika Idrisa kwa rangi nyeupe, "Ni marufuku kukanyaga majani." Nilikuwa siugusi, kwa sababu ni mwandiko wake. Jana niliung'oa. Niliufuta vumbi kwa ncha ya khanga, nikakaa nao kidogo mapajani, nikamwambia samahani mume wangu, tatizo halikuwa maji, na ulifanya kazi nzuri. Kisha nikaugeuza, nikaandika upande wa nyuma kwa mwandiko wangu mbaya, nikaupigilia palepale. Mkipita leo jioni mtausoma: "Mwenye msiba au harusi, mundu uko kwa Rehema."